Mwanao anashukia upande gani? Maelekezo ya dereva wa basi la shule, Mtwara

Naendesha basi la shule hapa Mtwara, Coaster ya njano, ruti ya Mikindani na mjini. Wazazi wananiuliza mengi kuhusu gari, na wana haki. Tangu tarehe 26 Julai 2022, Hiace ya shule ilipotumbukia shimoni kule Mjimwema, hapa hapa Mtwara, na kuua baadhi ya watoto na watu wazima waliokuwa ndani, mzazi akinisogelea dirishani najua anataka kuuliza breki zikoje. Ulizeni, wala msichoke. Ombeni kuona leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, angalieni matairi, hesabuni watoto na siti.

Ila kuna jambo ambalo wachache sana wananiuliza: mtoto anashukia wapi, upande gani wa barabara, na nani amesimama pale kumpokea. Akiwa amekaa kwenye siti yake, namlinda kwa mwendo wangu. Akishakanyaga chini, kinachomlinda ni yale tuliyokubaliana mimi, ninyi na shule. Zile dakika mbili za kupanda na kushuka ndizo zinazonitoa jasho kuliko safari nzima, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Jua mwanao anavuka lini

Sisi tunaendesha kushoto, na mlango wa abiria uko kushoto. Basi likitoka Mikindani kwenda mjini asubuhi, watoto wenye nyumba upande wa kushoto wanapanda bila kuvuka barabara. Jioni nikirudi, mlango umegeukia upande wa pili, na watoto wale wale sasa lazima wavuke. Wenzao wa ng'ambo mambo yao ni kinyume: wanavuka asubuhi, jioni wanashukia kwao. Kwa hiyo kwenye barabara kuu kila mtoto anavuka mara moja kwa siku, na swali lako la kwanza kwa dereva liwe hilo: wa kwangu anavuka asubuhi au jioni?

Kuvuka kwa asubuhi kuna nafuu yake, kwa sababu mtoto anatoka nyumbani na mtu na anashikwa mkono. Jioni ndiyo yenye hatari. Amekaa darasani kutwa, ana njaa, anaiona nyumba yao pale mbele, na miguu inatangulia macho.

Kama wako ni wa jioni, kuna njia mbili. Ya kwanza, ombeni shule ibadili mzunguko. Kwenye ruti yangu kuna watoto ambao nawapita, nakwenda kugeuza mbele, halafu nawashusha nikiwa narudi, mlango ukiwa umeelekea kwao. Inanila dakika chache na mafuta kidogo, na uongozi ukielezwa vizuri unaelewa. Ya pili, kama pa kugeuzia hapapo, mtu mzima avuke yeye mapema, aje asubiri upande ule basi linakosimama.

Hilo la mtu mzima kuvuka nalisisitiza kuliko yote niliyoyaandika hapa. Kuna bibi mmoja alikuwa anamsubiri mjukuu wake barazani, ng'ambo ya barabara. Mtoto wa darasa la kwanza, begi mgongoni, chupa ya maji mkononi. Siku hiyo alipotua tu, bibi akanyanyua mkono, akaita, "Njoo mama, njoo!" kwa furaha ya kumwona. Mtoto hakutazama kulia wala kushoto. Alimtazama bibi yake. Akazunguka mbele ya gari akikimbia, na mimi kwenye saidi mira ya kulia nalitazama lori la makaa ya mawe, tupu, linatoka bandarini kurudi Ruvuma, limeshajitoa kunipita. Matroni wangu, yaani mhudumu wa kike wa basi, alimdaka kwa mkanda wa begi. Lori likapita, upepo wake ukaurusha ushungi wa mtoto begani.

Bibi yule alimpenda mjukuu wake, na ndiyo maana akamwita. Kila mtu hufanya hivyo. Mama anapunga mkono, kaka anapiga mluzi, mjomba anaonyesha mfuko wa mandazi. Kwa mtoto mdogo, sauti ya mtu wake inafuta kila kitu alichofundishwa. Hivyo ukijikuta uko ng'ambo na basi limefika, usimwite, usimpungie, usitabasamu ukimwashiria aje. Nyoosha kiganja mbele, kama trafiki anavyosimamisha gari, na umfundishe nyumbani kwamba kiganja hicho maana yake ni kubaki pale pale. Kisha vuka wewe, umfuate.

Mtoto mwenyewe afundishwe hivi. Akishuka, asogee hatua tano kubwa pembeni, mbali na gari na mbali na lami. Asipite mbele ya basi, asipite nyuma. Asimame hapo na mtu wake mpaka basi liondoke kabisa na barabara ionekane pande zote mbili. Ndipo kulia, kushoto, kulia tena, na kuvuka kwa kutembea. Unapomshika, shika kifundo cha mkono. Vidole vya mtoto huchomoka, hasa vikiwa na jasho.

Wapo wazazi waliowaonyesha watoto video za Marekani, ambako mtoto anashuka, anakwenda mbele ya basi na kuvuka huku dereva anamtazama. Kule sheria inayasimamisha magari mengine basi la shule linapowasha taa nyekundu za kumetameta, na basi lina kibao cha kusimama kinachofunguka ubavuni. Huku kwetu nikisimama na kuwasha taa za hazadi, walio nyuma wananipita. Kwa wengi wao, basi lililosimama ni basi la kulipita tu. Kwa hiyo mtoto wa Mtwara asifundishwe kuvuka mbele ya basi hata kidogo, hata kama dereva ni mimi na namwonyesha ishara ya kupita. Dereva akikuonyeshea upite, ametazama gari lake tu. Hajui anayekuja ubavuni mwake ana haraka gani.

Ndoo mbele ya bampa

Kwenye kikao cha wazazi niliweka ndoo ya lita 20 mbele ya bampa la Coaster, karibu kabisa, nikawaomba wazazi wapande mmoja mmoja wakae kwenye kiti changu. Ndoo haikuonekana. Nikawaambia wainue shingo, wasogee mbele, watazame tena. Hakuna kitu. Baba mmoja alishuka akaenda kuhakikisha kama bado ipo. Baadaye tukaomba mtoto wa chekechea achuchumae palepale, kama anayeokota kifutio, na mama yake akiwa kwenye usukani. Akaona barabara nyeupe, wazi. Gari lilikuwa limezimwa na funguo ziko mfukoni kwangu, lakini yule mama alishuka akamkumbatia mwanawe kama aliyemtoa majini.

Nenda shuleni uombe kufanya jaribio hilo. Litakuonyesha kwa nini kuna sheria moja ambayo mtoto asiivunje hata kwa kitu cha thamani: kikianguka karibu na gari, hakiokotwi. Daftari, kiatu, shilingi mia, kofia. Aseme kwa matroni, au arudi pembeni na kunyoosha mkono mpaka dereva amwone. Na mzazi, tusaidie: akirudi bila chupa ya maji kwa sababu ilibingirika chini ya gari, usimfokee. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa ajili ya chupa ataingia chini ya tairi kuifuata.

Nyuma ya gari ni vilevile, na pengine zaidi. Ndiyo maana sikubali kurudi rivasi kwenye kituo watoto wakiwa chini. Kama kituo chenu kinamlazimu dereva arudi nyuma ili kugeuza, kituo hicho hakifai. Dereva ageuze kwanza watoto wote wakiwa ndani, ndipo awashushe.

Halafu mlango. Tazameni nguo. Ncha ya ushungi, kamba ya sweta iliyofungwa kiunoni, mkanda wa begi unaoning'inia, vyote hivyo hubanwa na mlango, na gari likianza kuondoka mtoto anaburuzwa. Wasichana wadogo washonewe ushungi mfupi wa kufika begani, au ncha zibanwe kwa pini. Mikanda ya begi ikatwe iliyozidi. Mimi siondoi gari mpaka matroni aseme "twende", naye hasemi mpaka amewaona wote mikono na mabegi yakiwa huru. Muulizeni dereva wenu anaondoka kwa ishara ya nani. Akikosa jibu, mmeshajua pa kuanzia.

Mahali penyewe

Kituo kizuri ni pale ambapo dereva anayekuja anawaona watoto tangu mbali. Barabara inapozunguka ghuba ya Mikindani ina kona, na wengi wanapenda kituo kiwe palepale nyumba yao ilipo, hata kama ni konani. Tembeeni hata kama ni mbali kidogo, mpate mahali palipo wazi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, na dereva anahitaji zaidi ya sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki. Akiwa na 80, umbali wa breki peke yake unazidi mara mbili na nusu. Kona inamnyima hizo mita.

Epukeni kileleni mwa mlima, ukingo wa mtaro ulio wazi, mbele ya geti la ghala linaloingiza malori, na mahali ambapo daladala zinagombania abiria. Kijiwe cha bodaboda wengine wanakikimbia. Mimi nakipenda, mradi vijana wanafahamika na watoto hawasimami katikati ya pikipiki. Vijana wa kijiwe wanajua nani ni mgeni pale, na wanakuwepo tangu alfajiri. Mama anayeuza chapati na uji kando ya kituo ni jicho jingine. Msalimieni, mpeni namba zenu za simu, mwambieni watoto wenu ni wepi.

Watoto wakiwa wengi, chora mstari ardhini, au pangeni mawe, hatua tano kubwa kutoka kwenye lami, na hakuna anayeuvuka mpaka gari limesimama kabisa na mlango umefunguka. Mpira usiletwe kituoni. Wafike dakika tano kabla. Wakifika nusu saa kabla watacheza, wakichelewa watakimbia kulifuata gari. Na gari likishaondoka, limeondoka. Usimpakie mtoto kwenye bodaboda kulikimbiza na kulizuia mbele. Mpeleke shuleni taratibu, achelewe.

Giza, malori na mvua

Mwezi wa sita na wa saba jua la hapa linachomoza saa kumi na mbili na nusu na ushei. Mwezi wa kumi na moja, saa kumi na mbili kasorobo hivi limeshatoka. Mtoto anayechukuliwa saa kumi na mbili kamili yuko kwenye mwanga Novemba na yuko gizani Julai, saa ile ile, kituo kile kile. Sweta za bluu iliyokoza na za maruni hazionekani gizani. Nunua ile tepu ya riflekta inayobandikwa kwenye malori, maduka ya spea wanaikata kwa kipimo. Kwenye kitambaa gundi haikai, hivyo ishone: kipande nyuma ya begi, na vipande viwili kwenye mikanda ya mbele. Taa zangu zikiigusa namwona mtoto kabla sijaona kituo. Anayempeleka awe na tochi, aielekeze chini miguuni, asimmulike dereva machoni.

Kuanzia Oktoba korosho zinashuka kutoka Masasi, Newala na Tandahimba kuja maghalani na bandarini, na barabara inajaa malori yenye mzigo, juu ya yale ya makaa ya mawe na saruji ambayo yapo mwaka mzima. Lori lenye mzigo halisimami kama bajaji. Msimu huo, kituo kilichokuwa kimya Agosti kikaguliwe upya.

Mvua zikianza, Desemba na kuendelea mpaka Aprili, mitaro inajaa na ukingo wake hauonekani. Mtoto asivuke mtaro ulio na maji yanayokwenda, hata kama jana alikuwa anauruka. Kofia ya koti la mvua inaziba masikio na pembe za macho, kwa hiyo aishushe kabla ya kuvuka, na mwavuli aunyanyue. Kulowa nywele si kitu.

Nani anampokea

Mpeni matroni orodha ya watu wanaoruhusiwa kumpokea mtoto, majina na namba za simu, wasizidi watatu au wanne. Asiyekuwa kwenye orodha hapewi mtoto, hata akiwa jirani, hata akijiita baba mdogo. Mwaweza kuwa na neno la siri mnalolijua nyumbani tu. Mkimtuma mtu wa dharura, alitaje. Na kama ni bodaboda, awe mmoja, yule yule, mnayemjua anapolala.

Kituoni kukiwa hakuna mtu, mtoto hashuki. Anabaki kwenye gari, tunapiga simu, tukikosa tunamrudisha shuleni. Wazazi wengine hukasirika kwa hili, wakisema mtoto anajua njia na nyumba ni ile pale. Mama, baba, kasirikeni. Kabla ya kulifunga gari jioni mimi na matroni tunapita siti hadi siti, tukiinama, kwa sababu mtoto aliyelala chini ya siti haonekani ukiwa umesimama mlangoni, na gari lililofungwa juani linakuwa tanuri kwa muda mfupi. Muulizeni wa kwenu kama anafanya hivyo.

Kuna jambo zito ambalo sisi tunaobeba watoto tunapaswa kulisema wenyewe. Anayemdhuru mtoto anaweza kuwa mtu wa kwenye gari. Serikali ilishaagiza mabasi ya shule yawe na wahudumu, wa kike na wa kiume, na mnayo haki ya kuulizia wa kwenu wako wapi. Mtoto asiwe wa mwisho kubaki na mwanaume mmoja ndani ya gari kila siku. Asipewe pipi wala hela za siri. Asikalishwe mapajani kwa kisingizio cha gari kujaa. Mtoto akikataa ghafla kupanda basi alilokuwa akilipenda, akae na mtu anayemwamini, asikilizwe bila kupigwa. Mkipata wasiwasi, pigeni 116, ni simu ya bure kwa ajili ya watoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Msianzie kwa dereva, wala msikubali yamalizwe kwa mazungumzo ya kifamilia.

Pa kupeleka ombi la kivuko na matuta

Kituo chenye watoto wengi kinahitaji kivuko kilichochorwa, kibao cha watoto, na mara nyingine matuta. Barabara kuu ya Mtwara kwenda Lindi iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barabara za ndani ya mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukipeleka barua kusiko, itakaa. Andikeni pamoja, wazazi wa kituo kizima, ipite kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kwa mkuu wa shule na kwa trafiki. Tajeni mahali kwa alama isiyopotea, kama nguzo ya umeme, msikiti au kalvati, idadi ya watoto wanaosimama hapo, na saa za kupanda na kushuka. Ambatanisheni picha iliyopigwa saa yenyewe, watoto wakiwa wamesimama na malori yanapita. Picha ya saa sita mchana barabara ikiwa tupu haisemi kitu.

Majibu yanaweza kuchukua muda. Katika kusubiri, ombeni trafiki asimame hapo saa za watoto, hasa shule zinapofunguliwa, na zungukeni kwa miguu kutafuta mahali pengine papana zaidi ndani ya mtaa, nje ya barabara kuu, ambapo gari linaweza kuingia na kugeuka watoto wakiwa ndani. Mkipaona, mwiteni dereva apapime na gari tupu siku ya Jumamosi kabla hamjawatangazia wazazi wengine.